Inchi Hamsini na Nane

Mvua ya Machi ndiyo iliyonifichulia.
Nilishuka garini pale chini ya Kiserian
nikatazama nilikotoka: mifuo minne kwenye tope.
Minne, si miwili.
Tairi za mbele zilikata njia yao,
za nyuma zikakata yao, kwa ndani kidogo,
kama watu walionuniana na safari ni moja.

Aliyeniuzia pikapu aliipanua mbele
kisha zikamwishia hela, au hamu.
Nyuma akaiacha na kiuno chake cha kiwandani.
Mimi hupeleka dawa za mifugo hadi kule Magadi;
kila tope nalilima mara mbili,
na dizeli haina huruma.

Jumatatu, basi, Kirinyaga Road,
ambako magari huzikwa vipande vipande
na kufufuliwa kwa bei.
"Mama, unataka difu ya gari gani?"
Sikutaja gari. Nilitoa tepu.
Hamsini na nane na nusu, nikasema,
uso wa habu hadi uso wa habu.
Gathiaka akaita wenzake waje wamwone
mwanamke anayenunua ekseli kama kitenge.

Ya kwanza ilikuwa ya lori. Sitini na mbili.
Nono, nyeusi, imepakwa rangi jana
(rangi ya jana huficha ufa wa juzi).
Ningeifunga hiyo, tairi zingetokeza nje
kama viwiko vya mlevi mlangoni,
na askari wa barabarani wangenijua kwa jina.

Nikampigia Oyugi, fundi wangu, Kariobangi.
Je, nibaki na ya zamani, nitie spesa tu?
Alinyamaza. Nilisikia nyundo, kisha sauti:
"Kavata, huwezi kumvisha mtu mfupi visigino
halafu umtwike gunia la saruji."
Akakata simu.

Ya tatu ilikuwa chini ya rundo la radieta,
imekula kutu, ina kiota cha panya penye springi.
Hamsini na nane kamili.
Nusu inchi. Nusu inchi nitaisamehe;
nimesamehe makubwa kuliko hilo.
Lakini upana si kila kitu.
Nilichora chaki kwenye flanji, chaki kwenye habu,
Gathiaka akashika upande mmoja, mimi mwingine,
tukazungusha pamoja, pole pole, kama wasokota kamba:
moja, mbili, tatu, nne, na kichembe.
Mbele yangu pia ni nne na kichembe.
Meno yasipolingana, mbele na nyuma hupigana
na anayevunjika ni yule wa katikati.
Hapo Gathiaka hakucheka tena. Akapandisha bei.

Tulibishana hadi chai ikapoa.
Nikalipa, beringi mpya nikanunua kando,
na wanaume wanne wakaibeba hadi kwenye pikapu
wakilalamika kama wabeba jeneza wasiolipwa.

Oyugi alikata viti vya springi, akavichomelea upya,
akapima pembe kwa kipande cha uzi na nati.
Paipu ya breki ilivuja mara mbili. Akatukana mara tatu.
Siku ya pili jioni nikaizungusha kiwanjani penye tope,
nikashuka, nikatazama nyuma.
Sitasema nilichohisi. Nilihesabu tu: miwili.
(Upande wa kulia, ukikaza macho, mmoja na ukingo.)
Madigadi hazitoshi sasa; tope limenipaka hadi kwenye kioo.

Ile ekseli ya zamani ililala ukutani, finyu, safi,
bila kosa lolote ila mahali ilipokuwa.
Nilitaka kuiuza kwa kilo.
Akaja mtu wa mkokoteni, Musembi, kutoka Gikomba,
akaipima kwa hatua za mkono, shubiri kwa shubiri,
akatabasamu peke yake.
"Hii," akasema, "itapita kila kichochoro."